Njia ya Shule ni Mazoezi

Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi yanayoongeza mapigo ya moyo kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa mtoto wa miteremko ya Mlima Meru, mwendo wa haraka wa nusu saa kwenda shuleni na nusu saa kurudi hutimiza kiasi hicho bila gharama.

Mjini Arusha, wazazi wanaohofia ajali huwapandisha watoto magari ya shule. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake si kumkalisha mtoto. Ni wajibu wa wazazi wa kila mtaa kupokezana zamu za kuwasindikiza watoto, na wa halmashauri kuwajengea njia ya miguu iliyo salama.