NYUMBA NA VYOMBO: Vitu vya Kale Visiuzwe kwa Bei ya Kuni

Mnunuzi wa vitu vya kale afikapo kijijini haonyeshi furaha anapokiona kitu alichokuja kukitafuta. Huuliza kwanza bei ya mkeka, kisha bei ya kuku, na mwishowe, kama mtu aliyekumbuka tu, huuliza habari za lile kasha la mahindi au kile kigoda cha babu kilichosukumwa nyuma ya mlango. Mwenye nyumba hufurahi kupata fedha kwa kitu kilichokuwa kikijaza nafasi bure. Hajui kwamba kitu hicho kitafutwa vumbi, kitapakwa nta, na kuwekwa sebuleni kwa mtu mwingine. Na kwamba yeye mwenyewe angaliweza kukifanya hivyo kwa gharama ya kitambaa na nta kidogo.

Wako wanaodhani kwamba kupamba nyumba kwa vitu vya zamani ni desturi ya wageni. Sivyo. Katika nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijazwa safu za vidaka, au zidaka kama Waamu wasemavyo, vilivyotengenezwa kwa chokaa na kunakshiwa kwa ustadi mkubwa. Humo ndimo vilimowekwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, sahani na vitu vingine vya thamani. Vyumba vyenyewe vilikuwa virefu na vyembamba, maana upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Basi vidaka viliufanya ukuta wa nyuma uonekane kama umesogea mbali, na macho ya mgeni yakaenda huko moja kwa moja.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba wazee wale hawakutawanya vyombo vyao nyumba nzima. Walichagua ukuta mmoja, na kila chombo kikapewa mahali pake. Karani mwenye vyumba viwili hana vidaka, lakini rafu moja ya mbao yenye sahani tatu zilizoachiana nafasi itapendeza kuliko ukuta uliobandikwa kalenda sita na picha ishirini.

Vyombo hivyo havikuwekwa nyumbani tu. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina za zamani za ufalme wa Ming. Katika makaburi mengine ya pwani msafiri huona mashimo ya mviringo ukutani, na ndani yake hamna kitu. Sahani ziling'olewa. Aliyeng'oa alipata sahani moja, pengine imekwisha kuvunjika. Na kaburi likapoteza uso wake.

Mtu anayetaka kuanza kukusanya sahani hahitaji fedha nyingi, lakini yampasa ajue kusoma. Sahani nyingi za zamani zilizomo katika nyumba za pwani hazikutoka Uchina, bali zililetwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 na baadaye. Kwanza ishikwe mbele ya taa: kauri hupenyesha mwanga, udongo wa kawaida haupenyeshi. Kisha igongwe polepole kwa ukucha. Iliyo nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Halafu igeuzwe. Alama ndogo ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye herufi na tarakimu pembeni, ilitumiwa Uingereza kuandikisha michoro tangu mwaka 1842 hata 1883. Baada ya hapo ikaja namba tupu. Jina la nchi likiandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi sahani ni ya baada ya mwaka 1891, kwa kuwa sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia huko zionyeshe zilikotoka, na viwanda vingi vikafuata. Muuzaji akiapa kwamba sahani yenye jina la nchi mgongoni ni ya miaka mia tatu, mnunuzi na amshukuru, aondoke.

Sahani kuukuu zisipakuliwe chakula. Rangi ya kung'arisha iliyo juu yake huenda ikawa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Zikae ukutani.

Makasha nayo yana hadithi yake. Mengi ya yale yaitwayo makasha ya Zanzibar, yenye misumari ya shaba na droo chini, yalitengenezwa India na kuletwa kwa majahazi. Jambo hilo haliyapunguzii thamani hata kidogo, ila ni vizuri mwenye kasha aijue asili yake kuliko kurudia maneno ya mchuuzi. Wenye asili ya bara nao wasijidharau. Vigoda vya Wakamba vyenye nyaya za shaba zilizopigwa ndani ya mti kwa mapambo ni kazi ya kuonewa fahari, lakini katika nyumba ngapi kigoda cha namna hiyo hutumiwa kupandia ili kufikia taa!

Kuhusu milango ya kuchonga, yafaa kusema kwa mkazo zaidi, maana hapa kuna sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu kinacholindwa kila mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Kadhalika kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa ni cha kale. Vitu hivyo havitolewi nchini bila ya kibali. Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji aliyefariki mwaka 1945, aliacha mtindo wa kuchonga ambao mafundi wangali wakiujua. Na kila mlango aliouchonga kwa mkono wake unaingia katika sheria hiyo. Mtu anayeung'oa mlango wa nyumba ya babu yake na kumpa dalali usiku, ili aweke wa bati, huenda akadhani ameuza mbao. Ameuza zaidi ya mbao, na pengine amejitia hatarini.

Hata hivyo ziko mbao za kale ambazo mtu aweza kuzinunua bila wasiwasi na kuzitia nyumbani: mbao za majahazi yaliyozeeka. Huko Lamu na Unguja mafundi huzigeuza kuwa fremu za picha na vioo, mabao ya kukalia na meza, wakiiacha rangi ya zamani ilivyobambuka, na uzuri wake umo humo. Lakini kazi hii ina taabu zake. Ubao wa baharini umejaa chumvi. Usipooshwa kwa maji matamu na kukaushwa kivulini kwa majuma kadhaa, utatoa unyevu ukutani na kuozesha misumari mipya. Misumari ya zamani itafutwe yote kabla ya kutia msumeno au randa, maana mmoja uliojificha waweza kuharibu meno ya msumeno kwa mpigo mmoja. Tena kuna harufu. Majahazi hupakwa sifa, nayo hukaa ndani ya ubao miaka mingi. Mke wa mtu akikataa meza hiyo isilale chumbani kabla ya kupigwa na upepo, amesema kweli.

Kosa kubwa la wenye vitu vya kale ni kuvisafisha kupita kiasi. Kasha husuguliwa kwa msasa hata nakshi zikapotea, kisha hupakwa vanishi ing'ae kama chupa. Yatosha kulifuta vumbi kwa brashi laini, na kulipaka nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa. Shaba isisuguliwe kila juma kwa ndimu na majivu. Kila msuguo huondoa shaba kidogo, na baada ya miaka maua yaliyochongwa hubaki kivuli. Miguu ya kasha iinuliwe juu ya vijiwe ili mchwa waonekane wakipanda. Unga mwepesi ukionekana sakafuni chini ya kiti, wadudu wamo ndani, na kiti hicho kitengwe na vingine upesi.

Si kila kitu cha kale kinafaa kuwa pambo. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mti zinazosimamishwa kuwakumbuka wazee wa chama cha gohu, viliibwa kwa wingi na kuuzwa kwa wenye kupenda sanaa, hata vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwenye kukinunua alikiona ni sanamu nzuri ya kusimamisha pembeni mwa sebule. Waliokisimamisha waliona mzee wao ameondolewa mahali pake. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa Kenya kutoka Marekani, na mwaka 2014 jumba moja la makumbusho la Denver likakubali kuviachilia vingine 30. Basi mwenye kukusanya akiletewa kigango, au sahani yenye chokaa ya kaburi mgongoni, asiinunue hata kwa shilingi moja.

Kwa vile vilivyo halali, lipo jambo moja ambalo wengi hawalifanyi, nalo halina gharama. Kiandikwe kikaratasi kwa kalamu ya risasi: kitu hiki ni nini, kilitoka kwa nani, kililetwa kutoka wapi, na nani alisimulia. Kisibandikwe kwa gundi, maana gundi huacha doa. Kifungwe kwa uzi kwenye mguu wa kiti, au kiwekwe ndani ya droo ya kasha. Mzee anayejua habari hizo aulizwe sasa, angali na kumbukumbu, na jina lake liandikwe pia.