Hofu ya Kusahau Imekaa Pasipo Pake

Chukulia kaya moja ya Makanya, penye reli na barabara kuu iendayo Same. Mama wa miaka 46, auzaye ndizi zinazoteremshwa kutoka milimani, amesahau mara mbili wiki hii kumrudishia mteja chenji, na jana aliitafuta nyumba nzima simu aliyokuwa ameishika mkononi. Usiku halali. Amesikia kwamba upo ugonjwa unaofuta akili, naye ameanza kuhesabu kila anachokisahau kama ahesabuye hatua za adui. Katika ua huohuo anaishi baba mkwe wake mwenye miaka 84. Tangu asubuhi mzee huyo ameuliza swali moja mara tano. Mwezi uliopita alipotea akirudi kutoka shamba alilolilima kwa miaka 40. Na sasa hawezi kufuatisha zamu ya maji ya mfereji. Juu yake hakuna mwenye wasiwasi. Watu hutabasamu na kusema, "Ni uzee tu."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini sura yake si ngeni kwa mhudumu wa afya wa kijijini. Hofu inamtesa anayesahau kwa kuchoka, na inampita yule ambaye ubongo wake umeanza kuugua. Wote wawili hukosa huduma, mmoja kwa kuogopa majibu na mwingine kwa sababu hakuna aliyeona kuna swali la kuuliza.

Ianzwe na mama. Kusahau si hitilafu ya kumbukumbu. Ni sehemu ya kazi yake. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima zilizobaki kichwani. Zaidi ya nusu ilitoweka ndani ya saa moja hivi, naye wakati huo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Ubongo ambao ungehifadhi sura ya kila abiria aliyechungulia dirishani mwa basi usingekuwa na nafasi ya kukumbuka nani anadaiwa. Hubaki kile kilichozingatiwa, kikarudiwa, au kikagusa moyo.

Katika hayo matatu, kuzingatia ndiko kunakotangulia. Chenji ile haikusahauliwa. Haikuingia kichwani kabisa. Mama alipopokea noti alikuwa akiwaza michango ya shule, marejesho ya mkopo wa kikundi, na mume aliyeko kwenye machimbo ya jasi ambaye tangu juzi hajapiga simu. Kisha hofu yenyewe huongeza mzigo. Sehemu kubwa ya kazi ya kuyapanga na kuyaimarisha mambo ya mchana hufanyika usingizini, hivyo asiyelala husahau zaidi, na anaposahau zaidi huogopa zaidi. Sonona huja na sura hiyohiyo. Kadhalika wanawake wengi wanaokaribia kukoma hedhi hulalamikia usahaulifu, hasa pale joto la ghafla mwilini linapowakatiza usingizi. Hayo yote yana msaada wake, lakini hausaidiwi yule aliyejifungia na siri yake akiamini kwamba amekwisha kuhukumiwa.

Ipo dalili ndogo yenye thamani kubwa. Mama huyu anaweza kusimulia kila alichokisahau: siku, saa, na nani alikuwapo. Anayekumbuka vema namna hiyo jinsi alivyosahau, kwa kawaida hana demensia, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu akashindwa shughuli zake za kila siku. Mara nyingi mwenye demensia halalamiki. Hulalamikiwa na jamaa zake. Hiyo si kanuni isiyovunjika, na usahaulifu unaozidi mwezi hadi mwezi unastahili uchunguzi hata kwa anayelalamika mwenyewe.

Kwa upande wa mzee, kinachowapotosha jamaa ni masimulizi yake. Hueleza bila kukwama aliyosimuliwa na baba yake kuhusu mwaka 1945, maelfu ya Wapare walipomiminika Same kupinga kodi ya mbiru, na hueleza alikuwa wapi siku ya Uhuru mwaka 1961. Mwenye hazina kama hiyo atakuwaje mgonjwa wa kumbukumbu? Anaweza, kwa sababu demensia ya aina ya Alzheimer, iliyo ya kawaida zaidi, huanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyatafutia makao ya kudumu. Ya kale yaliyoota mizizi hukaa muda mrefu. Ni mfano wa ndiva, yale mabwawa madogo ambamo Wapare hukinga maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana: maji ya jana bado yamo, ila mfereji wa kuyaingiza umebomoka.

Kwa hiyo asiulizwe ya 1961. Aulizwe nani alikuja jana, amekula nini asubuhi, na leo ni siku gani. Aangaliwe pia katika kazi alizozizoea. Mkulima akisahau kuwa leo ni zamu yake, jirani akamkumbusha, akashtuka na kuchukua jembe, hapo hakuna ugonjwa. Akikumbushwa na bado asielewe zamu ni nini, au asimame mbele ya mfereji asijue aanzie wapi, hilo ni jambo jingine, na uzee peke yake haulielezi.

Kwamba uzee haulielezi kumethibitishwa hukuhuku mkoani Kilimanjaro. Katika wilaya ya Hai watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Idadi hiyo inasema mambo mawili. Katika kila wazee 100 zaidi ya 90 hawakuwa na ugonjwa huo, basi si kweli kwamba kuzeeka ni kupoteza akili. Na wale sita au saba wapo, katika vijiji vya kawaida kabisa, wengi wakiwa na umri mkubwa zaidi, wakihudumiwa na binti au wakwe ambao hawajaambiwa jina la kinachowasumbua. Wapo wanaojaziwa pengo hilo na tuhuma za laana na uchawi. Ajuza anayetangatanga usiku na kusema maneno yasiyoeleweka huangukiwa na tuhuma hizo kwa urahisi, na hapo neno "uzee tu" linakuwa afadhali, ingawa nalo halimtibu.

Demensia nyingi hazina tiba ya kuziponya. Lakini si kila anayefanana na mwenye demensia anayo. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, kaswende ya muda mrefu, VVU, pombe, sonona, hata dawa za mafua zinazoleta usingizi zilizonunuliwa dukani bila cheti, vyote huweza kuvuruga kumbukumbu, na vingi kati ya hivyo hutibika. Aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, ni mgonjwa wa dharura: huenda ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi. Kumwacha mzee huyo kitandani kwa kuwa "amezeeka" ni kosa linaloua.

Kuna pia la kuzuia. Ripoti ya mwaka 2024 ya tume ya jarida la kitabibu The Lancet ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuepushwa au kucheleweshwa endapo visababishi 14 vingeshughulikiwa katika maisha yote. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, uziwi, majeraha ya kichwa na upweke. Hukohuko Hai, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta takriban wazee 7 kati ya 10 wana shinikizo la juu la damu, wengi wao bila kulijua. Mama mwenye kuiogopa demensia angefanya jambo la maana zaidi kwa kupima presha yake sasa, akiwa na miaka 46, kuliko kwa kuhesabu chenji alizosahau. Kijana wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu kwenye barabara kuu naye yumo katika hesabu hiyo, ingawa hakuna anayemwambia.

Husemwa kwamba vituo vya vijijini havina vifaa vya uchunguzi wa ubongo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kipimo cha awali kiitwacho IDEA kilitengenezwa na kujaribiwa Hai kwa ajili ya wazee wa Afrika, wakiwamo wasiojua kusoma na kuandika. Mzee huulizwa siku ya juma na kiongozi wa kijiji, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hurudia maneno aliyoyasikia muda mfupi uliopita, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kiberiti hakikosekani duka lolote la Makanya. Dirisha la wazee linaloishia kwenye presha na dawa za magoti linaweza kuongezewa dakika chache za maswali hayo, pamoja na swali moja kwa aliyemsindikiza: je, kuna kazi aliyokuwa akiiweza mwaka jana na sasa haiwezi? Atakayeonekana ana dosari apewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi KCMC mjini Moshi.

Uchunguzi wa mapema una faida nyingine isiyopatikana kwenye vidonge. Asiyekumbuka jana alikula nini anaweza kuwekewa karatasi mbele yake akatia dole gumba, na shamba likaondoka. Familia inayoujua ugonjwa mapema hupata muda wa kumsikiliza mzee mwenyewe, mbele ya mashahidi, aseme nani amtunze, nani ashike fedha zake, na azikwe wapi. Mipaka ya shamba nayo, ambayo bado anaikumbuka kuliko yeyote pale nyumbani, iandikwe angali anaweza kuionyesha kwa kidole.