Yatima Mwenye Mzazi Hai

Huko Marekani, motokaa ambayo kiwanda chake kimefungwa huitwa yatima. Neno hilo hutumiwa na wenye magari hayo wenyewe, nao hulitumia kwa mapenzi: Packard ni yatima, Hudson ni yatima, Nash ni yatima. Studebaker nayo huhesabiwa katika kundi hilo, tena huwekwa mbele, kwa kuwa historia yake ni ndefu kuliko za wenzake. Waandishi wengi wa habari za magari wamelipokea neno hilo bila kulipima. Huandika kwamba Studebaker ilizaliwa mwaka 1852, ikakua, ikazeeka, ikaugua, ikafa. Ugonjwa wake hutajwa kuwa ni ushindani. Muuaji hatajwi, maana mauti ya uzee hayana muuaji.

Usimulizi huu haufai kukubaliwa, na msomaji ajuaye maana ya yatima hatahitaji kuambiwa mengi. Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi. Mtoto ambaye mzazi wake yu hai, ana afya na mali, lakini amemwacha njiani akaenda zake, haitwi yatima kwa Kiswahili. Huyo ametupwa. Kampuni ya Studebaker haikufa siku ilipoacha kuunda motokaa. Iliishi, ikanunua na kuuza, na mwaka 1967 ikaungana na kampuni ya Worthington, wakaitwa Studebaker-Worthington. Kilichokoma ni gari, pamoja na kazi ya watu waliokuwa wakiliunda. Mwandishi achanganyaye mambo haya mawili huwavua watu fulani lawama yao hata kabla hawajaulizwa neno.

Asili ya kampuni hii haina aibu yoyote. Henry na Clement Studebaker, wahunzi, walifungua karakana yao South Bend, katika jimbo la Indiana, mwaka 1852. Ndugu yao John alikwenda California wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu, lakini badala ya kuchimba aliwaundia wachimbaji matoroli. Mwaka 1858 alirudi na dola 8,000, akazitia katika biashara ya nduguze. Magari yao ya farasi yaliwachukua wahamiaji kwenda magharibi, yakachukua na mizigo ya jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kiswahili kina bahati katika kisa hiki, kwa kuwa neno gari latosha kwa lile la kukokotwa na farasi na kwa lile la injini, na Studebaker ni miongoni mwa kampuni chache mno zilizovuka kutoka la kwanza hadi la pili zikaimarika. Iliunda motokaa ya umeme mwaka 1902, ya petroli mwaka 1904, na magari ya farasi ikayaacha mwaka 1920. Mwili uliovuka mto wa namna hiyo hauwezi kuambiwa ulikuwa dhaifu tangu utotoni.

Dhara ya kwanza ilitoka ndani. Albert Erskine, aliyeshika urais wa kampuni mwaka 1915, alikuwa mtu wa hesabu, tena mwenye kujiamini kupita kiasi. Alifika hata kulipa gari jina lake mwenyewe, na gari hilo halikudumu miaka mingi. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulipoanza, Erskine aliamini kwamba ni wingu lipitalo. Mwaka 1930 aliwagawia wenye hisa fedha zilizopita faida ya mwaka huo karibu mara tano. Msomaji na atulie hapa kidogo. Mtu avunaye pishi moja akagawa pishi tano, zile nne amezitoa ghalani, na ghala la kiwanda ndilo la kununulia mitambo mipya na kulipia mishahara wakati wa kiangazi. Machi 1933 kampuni ilishindwa kulipa madeni yake, ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Julai mwaka huo huo Erskine alijiua. Mauti hayo ya mtu mmoja yanahuzunisha, wala si haki kuyafanyia mzaha. Lakini fedha zilizokwisha gawanywa hazikurudi.

Paul Hoffman na Harold Vance waliiokoa kampuni, ikatoka chini ya wasimamizi mwaka 1935. Mwaka 1939 ilitoa Champion, gari jepesi lisilokula petroli nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliunda malori ya US6 karibu 200,000, na mengi yakapelekwa Urusi, ambako yalibeba hata mitambo ya roketi za Katyusha. Baada ya vita ilizitangulia kampuni kubwa za Detroit kwa kutoa gari lenye umbo jipya kabisa, la mwaka 1947. Watu walikuwa na njaa ya magari, na chochote chenye magurudumu manne kilinunuliwa. Mwaka 1950 kiwanda kiliunda magari mengi kuliko mwaka wowote mwingine wa maisha yake.

Hiyo ndiyo miaka inayostahili kuulizwa maswali, na ndiyo miaka ambayo waandishi huipita mbio ili wafike kwenye msiba. Fedha zilikuwako. Majengo ya South Bend yalikuwa ya ghorofa, ya mtindo wa zamani, ambamo kitu hupandishwa na kushushwa mara nyingi kabla ya kuwa gari. Detroit walikuwa wakijenga viwanda vya sakafu moja. Pamoja na hayo, viongozi wa Studebaker waliendelea kuwagawia wenye hisa kwa ukarimu, na majengo yakabaki yalivyokuwa. Tabia ya Erskine ilikuwa imezikwa pamoja naye kwa jina tu.

Matokeo yake hayahitaji kutafutwa katika vitabu vya hesabu. Mashahidi wake ni wenye magari. Mwaka 1953 kampuni ilitoa gari la milango miwili ambalo wengi hulihesabu kuwa zuri kuliko magari yote ya Marekani ya wakati wake. Sifa yake hupewa Raymond Loewy, aliyekuwa na jina, ingawa mchoro ulitoka mkononi mwa Robert Bourke, aliyefanya kazi chini yake. Hata katika sifa, mwenye nyumba hula kabla ya mpishi. Wanunuzi waliupenda uzuri ule, wakangoja. Kiwanda kilikuwa kimejiandaa kutoa magari ya milango minne kwa wingi, na ya milango miwili kwa uchache, kinyume kabisa cha walivyotaka watu. Tena fremu ya chini ilikuwa nyepesi mno. Injini ilipowekwa juu yake ilipinda kidogo, na mabati ya mbele yakakataa kukutana. Wengi waliolipata gari hilo walikuja kuona kutu ikiyala madigadi ya mbele mapema kuliko walivyotarajia. Miaka kumi baadaye ikatoka Wagonaire, gari la familia lenye paa la kusukumwa nyuma ili kitu kirefu kisimame ndani. Wenye nalo walisifu ubunifu huo hadi siku ya mvua ya kwanza, maji yalipowadondokea. Kisha Avanti ya mwaka 1963, ambayo bodi yake ya plastiki ngumu ilitengenezwa na kampuni nyingine huko Ohio. Vipande vyake havikulingana, magari yakachelewa, na watu waliokwisha kuagiza wakachoka kungoja wakanunua ya wengine.

Mtu atasema: basi magari yalikuwa mabaya, na soko likahukumu kwa haki. Shahidi huyo huyo asikilizwe hadi mwisho. Wenye Studebaker husema pia kwamba gari lao lilikuwa na kifaa, kilichoanza mwaka 1936, cha kulizuia lisirudi nyuma mlimani maadamu dereva amekanyaga klachi, jambo ambalo madereva wa magari mengine waliliotamani. Husema kwamba katika magari mengi ya miaka ile stata iliwekwa chini ya klachi, hata mgeni akikaa kwenye usukani hutafuta kitufe akakikosa, huku mwenyewe akicheka. Husema injini zilidumu. Chama cha wenye Studebaker kilianzishwa mwaka 1962, kabla kiwanda hakijafungwa, na wanachama wake bado hukutana, wakibadilishana vipuri na habari. Watu hawatunzi kwa zaidi ya miaka hamsini kitu kilichokuwa takataka. Wanachokilalamikia wenye magari ni bati, fremu, mpira wa paa na ucheleweshaji, yaani mambo yatokanayo na mitambo chakavu na haraka ya mtu asiye na fedha. Wanachokisifu ni akili ya wahandisi na mikono ya mafundi. Hukumu ya soko, ikisomwa kwa makini, iliwaangukia waliokuwa na ufunguo wa sanduku.

Hoja ya pili husema kwamba wafanyakazi wenyewe waliiua kampuni kwa mishahara. Ni kweli kwamba mshahara wa South Bend ulizidi wa Detroit, na ni kweli kwamba mapema mwaka 1962 kulikuwa na mgomo uliochukua zaidi ya mwezi. Lakini wenye hoja hii husahau mwaka 1954. Mwaka huo Ford na Chevrolet walikuwa wakipigana kwa bei, na kila kampuni ndogo ikaumia katikati yao kama nyasi. Studebaker iliwaomba wafanyakazi wake wakubali kupunguziwa malipo. Kwanza walikataa, kisha Agosti wakapiga kura tena, wakakubali. Ni nadra kumwona mtu akijikata kipande cha mkate wake kwa kura yake mwenyewe; na ni nadra zaidi kumwona mwenye hisa akirudisha gawio alilopewa mwaka juzi. Miezi miwili baadaye kampuni iliungana na Packard, na ndipo wakuu wa Packard walipogundua kwamba walichokinunua kilihitaji kuuza magari mengi mno kila mwaka ili kisipate hasara, kuliko hesabu walizoonyeshwa. Packard ilimezwa na ndoa hiyo. Jina lake lilikoma mwaka 1958.

Bado palikuwa na nafasi moja, nayo ilikuwa nzuri. Gari dogo liitwalo Lark lilitoka kwa ajili ya mwaka 1959, na mwaka huo kampuni ilipata faida ya zaidi ya dola milioni 28. Harold Churchill, mhandisi aliyelipigania Lark, alitaka faida hiyo irudi katika magari. Halmashauri ya wakurugenzi ilikuwa na mawazo mengine. Kampuni ilikuwa na hasara za nyuma ambazo sheria ya kodi iliiruhusu kuzitumia kujipunguzia kodi ya faida mpya, na kwa hiyo ilifaa kununua biashara zenye faida. Zikanunuliwa kampuni za mashine za kukatia majani, za jenereta, za kusugulia sakafu, na dawa ya injini iitwayo STP. Churchill aliondolewa kwenye urais mwaka 1960. Mrithi wake, Sherwood Egbert, alikuja kwa nguvu nyingi. Avanti ni matunda yake. Lakini mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

Tarehe 9 Desemba 1963 ilitangazwa kwamba kiwanda cha South Bend kitafungwa, na kabla ya Krismasi gari la mwisho lilikuwa limekwisha kutoka. Kiwanda cha Hamilton, nchini Kanada, kiliendelea hadi Machi 1966. Kampuni ikabaki na jenereta zake, mashine zake za majani na dawa yake ya injini. Wafanyabiashara wawili wa South Bend waliokuwa wakiuza Studebaker, Nathan Altman na Leo Newman, walinunua haki na vifaa vya Avanti, wakaendelea kuiunda kwa mikono humo humo mjini. Yalikuwa magari machache, hayawezi kulisha mji.

Na mji ulikuwa na hesabu yake ya kulipwa. Tangu mwaka 1950 kulikuwa na mapatano kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi juu ya malipo ya uzeeni. Kila ilipofika zamu ya mapatano mapya, malipo yaliongezwa katika karatasi, na fedha za kuyatimiza zikaahidiwa kutiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi ijayo. Mfuko ulipofunguliwa baada ya kiwanda kufungwa, ulikuwa haujajaa. Watu wapatao 3,600, waliokwisha kustaafu au kufika miaka 60, walipata haki yao kamili. Wengine wapatao 4,000, wenye umri kati ya miaka 40 na 59 na utumishi wa miaka kumi au zaidi, walipata senti 15 katika kila dola waliyostahili. Kwa wastani watu hao walikuwa na umri wa miaka 52, na utumishi wa miaka 23. Waliobaki, karibu 2,900, hawakupata kitu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mapatano yenyewe yaliruhusu hivyo, na kampuni iliyokuwa hai, yenye mali, haikulazimika kuongeza hata senti moja.

Wapo wanaojibu kwamba msiba huo ulizaa jema, kwa kuwa kisa cha South Bend kilitajwa tena na tena katika Baraza la Marekani, hata Rais Gerald Ford akatia sahihi sheria ya kulinda malipo ya uzeeni tarehe 2 Septemba 1974, na likaundwa shirika la kudhamini mifuko hiyo. Hilo ni kweli, na sheria hiyo imewafaa watu wengi. Haikurudi nyuma. Fundi wa Studebaker aliyekuwa na miaka 52 kiwanda kilipofungwa alikuwa amekwisha kupita miaka 60 sheria ilipotiwa sahihi, na senti zake 15 zilibaki kuwa 15.