Fundo la Khanga Limehamia Kwenye Simu

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya kununua na kulipa kwa simu.

Zamani mama wa Shinyanga akitaka kitenge alikwenda sokoni, akakishika, akakinyoosha, akabishana bei, ndipo akafungua fundo la khanga yake. Siku hizi tunaona picha ya kitenge kwenye WhatsApp au Instagram, muuzaji yuko Kariakoo au Mwanza, na fedha hutangulia mzigo. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, na huduma nyingine kuifuata, fundo la khanga limehamia kwenye simu. Faida yake ni kubwa. Baba aliyeko machimboni Nyarugusu au Mgusu hutuma fedha ya chakula Kahama bila kupanda basi. Lakini fundo hili laweza kufunguliwa na mtu aliye mbali, sisi tukiwa jikoni.

Tapeli havunji simu. Hutufanya tuifungue wenyewe, kwa haraka, kwa hofu au kwa bei ya chini mno. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaujua wote. Huku kwetu unaaminika upesi, kwa sababu simu za wachimbaji hupotea na mume huazima simu ya mwenzake. Mwingine hupiga akisema mumeo ameangukiwa na kifusi kwenye duara, tuma fedha za matibabu sasa hivi. Sisi wauguzi tunawaambia: hospitali ya serikali hulipwa kwa kontro namba, si kwa kutuma fedha kwenye simu ya daktari au muuguzi. Mama akipata habari ya namna hiyo, ampigie mumewe kwa namba anayoijua, au mchimbaji mwenzake. Dakika tano za kuuliza hazimdhuru mgonjwa.

Tunashauri mambo haya yawe desturi ya nyumba.

Kwanza, namba ya siri ni ya mwenye simu peke yake. Hakuna mhudumu wa kweli atakayeiuliza. Makampuni ya simu huwapigia wateja kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akijiita huduma kwa wateja, mkatie.

Pili, kwa muuzaji msiyefahamiana naye, omba kulipa mzigo ukifika. Akikataa, anza na kitu kidogo, au mtume ndugu aliye mjini afike dukani. Picha nzuri si duka, na sifa zilizoandikwa chini ya picha aweza kuziandika mwenyewe.

Tatu, kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Ukiambiwa unalipa duka na jina likaja la mtu mwingine kabisa, simama hapo.

Nne, kwa mama anayeuza mchele au vitumbua: usitoe mali kwa kuonyeshwa ujumbe tu. Ujumbe wa fedha huweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe, na usione haya mteja akinung'unika.

Tano, dawa na krimu za kung'arisha ngozi zisinunuliwe kwa picha. Hapo si fedha tu inayopotea, mwili nao huumia.

Sita, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Usajili wa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na wako waliowekeshwa kidole mara mbili tatu pasipo kujua sababu. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikafutwe, maana utapeli ukifanywa kwa laini hiyo jina litakaloonekana ni lako.

Na ikiwa fedha imekwisha kwenda? Usifute ujumbe wowote. Piga 100 mara moja, kwa kuwa tapeli akiwahi kuitoa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu. Ujumbe wa utapeli utume kwenda 15040, kisha utaulizwa namba ya aliyeutuma. Halafu nenda polisi upewe RB. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini haiwezi kumsaidia mama aliyenyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakotuhuzunisha zaidi. Mama aliyetapeliwa fedha ya kikoba huogopa mume, huogopa wenzake, hukopa kwa riba ili kuziba pengo, halali usiku, na mwisho huja kwetu na shinikizo la damu. Deni la laki moja limekuwa ugonjwa. Akina baba, mkisoma ukurasa huu, msimfokee mke aliyedanganywa. Ukimfokea leo, kesho atakuficha, na tapeli atarudi kwa sababu anajua nyumba hiyo haizungumzi. Nayo fedha ya kikoba isikae kwenye simu ya mama mmoja. Iwekwe kwenye akaunti ya kikundi, ambayo haitoki kwa siri ya mtu mmoja.

Leo jioni, baada ya chakula, kaeni pamoja mkubaliane: katika nyumba hii hakuna fedha inayotumwa kwa haraka kabla ya kusikia sauti ya anayeiomba. Wafundisheni na watoto wanaoshika simu zenu, na bibi aliyeko kijijini. Kuuliza si kukosa imani kwa mtu. Ni kulinda jasho la nyumba.