Hundi Iliyozuiwa

Fundi seremala wa Lucky Summer aliyekwisha kukabidhi meza na viti, kisha akaambiwa na benki ya kuwa mnunuzi ameizuia hundi isilipwe, asidhani kwamba deni lake limekufa. Kwa sheria ya Kenya, aliyetia sahihi hundi hubaki na deni, isipokuwa awe na sababu ya haki, kama vile kutopokea mali.

Basi fundi na atunze hundi ile, barua ya benki, na karatasi ya makabidhiano. Kisha amwandikie mdaiwa, akimtajia siku ya mwisho ya kulipa.

Asipolipa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa kukata shauri katika siku 60, wala mdai halazimiki kuwa na wakili. Akikawia kupita miaka 6, haki yake ya kudai hupotea.

Ikiwa mnunuzi alikwisha kuizuia hundi kabla ya kuitoa, hilo ni kosa la jinai, na polisi wapashwe habari. Lakini polisi si wakusanya madeni. Mali bila daftari hupotea bila habari.