Namba isinifikie peke yake

Ijumaa moja ya mwezi Machi mwaka 2025, saa mbili usiku, nilikuwa nimekaa jikoni kwangu Bombambili nachambua maharage. Simu ikalia. Ilikuwa maabara. Hakukuwa na salamu wala neno lolote, ni faili tu la WhatsApp. Mume wangu akaniletea miwani. CA-125: 402. Pembeni pameandikwa herufi H kwa wino mzito, maana yake iko juu, na mbele yake kiwango cha kawaida: chini ya 35.

Wiki tatu kabla, siku nilipoanza tena dripu za saratani ya ovari, ilikuwa 310. Kwa hiyo dawa imeingia mwilini, nywele zinabaki kwenye mto kila asubuhi, mdomo una ladha ya chuma, halafu namba imepanda. Nilifunika sufuria ya maharage. Usiku ule hakuna aliyekula nyumbani.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Najua alama iliyoandikwa juu ya karatasi inavyomvunja mtoto asiye na mtu wa kumweleza amekosea wapi. Mtoto, hata hivyo, anaweza kumfuata mwalimu asubuhi. Mimi daktari wangu yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, na ofisi inafunguliwa Jumatatu. Katikati pana Ijumaa usiku, Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Binti yangu aliyeko Makambako akaambiwa, akampigia kaka yake, kaka akampigia mama mdogo. Jumapili baada ya misa, mwanamke wa jumuiya yetu alinishika mikono yote miwili akalia, na mimi nikambembeleza mpaka akanyamaza. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na kuanza kugawa vitenge vyangu kichwani: hiki cha huyu, hiki cha yule.

Jumatatu saa tatu daktari akapokea simu. "Shikamoo Mwalimu." Akasikiliza. Kisha akasema kwamba baada ya dozi ya kwanza namba hiyo huweza kupanda kwa baadhi ya wagonjwa, kisha ikashuka, na kwamba yeye haamui jambo kwa kipimo kimoja. Tupige dozi mbili zaidi, tupime, ndipo tuongee. Maelezo yote hayakuzidi dakika nne. Baada ya dozi ya pili ilikuwa 266. Baada ya ya tatu, 131.

Dakika nne zile zilipaswa kufika pamoja na ile karatasi. Hilo ndilo ninaloliandikia leo.

CA-125 ni protini iliyomo katika damu. Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake kule Boston walitengeneza kingamwili inayoishika, na hiyo 125 inatokana na namba ya kingamwili waliyokuwa wakiijaribu. Wanawake wengi wenye saratani ya ovari iliyosambaa huwa nayo kwa wingi, kama wanane katika kila kumi. Saratani ikiwa changa, karibu nusu yao namba haipandi hata kidogo. Na inapanda kwa mambo mengine pia: hedhi, ujauzito, maambukizi ya nyonga, ugonjwa wa ini, moyo kushindwa kazi, kidonda cha upasuaji ambacho hakijapona vizuri. Kifua kikuu cha tumboni nacho huipandisha sana na kujaza tumbo maji. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, yupo mwanamke anayeweza kuonyeshwa namba kubwa akaanza kuagana na watoto, kumbe anachohitaji ni vidonge vya miezi kadhaa.

Sisi wa mkoa wa Ruvuma tunaishi kwa mahindi, kwa hiyo mizani tunaijua. Mfanyabiashara anakuja na ya kwake shambani, gunia linasoma kilo hizi. Unalipeleka gunia lile lile kwenye kituo cha ununuzi, linasoma kilo nyingine. Likikaa wiki mbili juani unyevu unapungua, kilo zinashuka tena, na hakuna punje iliyoibwa. Mkulima mwenye akili haanzi kugombana kabla hajauliza: mizani ipi, lini, mahindi yalikuwa makavu kiasi gani? Kipimo cha damu nacho kina mizani zake. Mashine ya maabara hii na ya maabara ile hutoa namba tofauti kwa damu ya mtu mmoja, ndiyo maana madaktari wanasisitiza upimiwe mahali pamoja muda wote. Mimi hilo nililijua mwaka wa tatu wa ugonjwa. Kabla ya hapo nilikuwa napima popote penye nafuu ya bei, nikilinganisha namba za maabara mbili kama ndugu wa tumbo moja, na tofauti ya 10 ilinikosesha usingizi.

Niirudie safari yangu kwa ufupi. Mei 2022 tumbo lilijaa, nikawa nashiba kwa vijiko vitatu vya ugali. Namba ilikuwa 1,240. Nikafanyiwa upasuaji, nikapewa mizunguko sita ya dripu, na Novemba mwaka ule ikasoma 14. Mwaka mzima wa 2023 haikuvuka 20. Machi 2024 ikawa 29. Juni, 48. Agosti, 83.

Ile 83 ndiyo iliyotugharimu. Sikuwa naumwa popote. Nilikuwa nimevuna mwenyewe, nimepukuchua, nimefukia mbegu ya mwaka unaofuata kwenye jivu. Lakini familia ilikaa kikao siku ileile, na kesho yake tukauza magunia 18 kwa bei aliyoitaka mnunuzi, kwa sababu anayeuza kwa hofu hapangi bei. Tukapanda basi alfajiri: Njombe, Makambako, Iringa, tukashuka Kitonga jua likiwa kali, tukapita Mikumi, tukafika Dar usiku. Daktari akanipima tumbo, akaagiza picha, akaiangalia. Kulikuwa na vitezi vidogo viwili. Akasema, "Mwalimu, rudi nyumbani. Tutaanza dawa mwili wako utakapoanza kusema, au picha itakapobadilika." Mwanangu alikasirika. Alidhani tumefukuzwa kwa kuwa tunatoka mkoani.

Daktari hakukasirika. Alimvutia kiti akamweleza kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet, ulioongozwa na Gordon Rustin wa Uingereza. Walichukua wanawake 529 waliomaliza matibabu ya kwanza ugonjwa ukatulia, kisha CA-125 yao ikapanda zaidi ya mara mbili ya kikomo cha kawaida huku wenyewe wakiwa hawana dalili. Nusu walianzishiwa dawa mara moja kwa sababu ya namba. Nusu nyingine hawakuambiwa namba zao, walisubiri mpaka dalili zilipotokea. Wale wa kwanza walianza dripu karibu miezi mitano mapema zaidi. Je, waliishi zaidi? Hapana. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 25.7, na wale waliosubiri zaidi ya miezi 27.1, tofauti ambayo kitaalamu haihesabiki. Walichopata wale wa kwanza ni kuanza mapema maisha ya kichefuchefu na kuishiwa nguvu.

Dawa zimeongezeka tangu hapo, na wapo madaktari wanaosema utafiti ule ungefanywa leo pengine ungetoa picha nyingine. Tena uliwahusu waliomaliza matibabu, haukumhusu aliye katikati ya dripu kama mimi sasa. Lakini ulinifundisha jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: kwamba mwanamke aliyemaliza matibabu ana haki ya kuulizwa kama anataka kupimwa namba hiyo kabisa. Kuna anayetaka kujua kila tarakimu, na ana haki yake. Kuna anayetaka kulima, kuimba kwaya na kurudi hospitali akisikia mabadiliko mwilini. Mimi sikuulizwa. Nilipewa fomu.

Nilirudi Songea nikapata miezi mitano. Nilipanda mahindi Desemba. Nilimwozesha mjukuu wa dada yangu Peramiho na nikacheza. Miezi ile nusu niliifurahia na nusu niliila kwa hofu, na mpaka leo ninaidai ile nusu ya pili. Januari tumbo likaanza kukaza, picha ikabadilika, Februari nikarudi kwenye dripu.

Wanawake wa jumuiya, baada ya kuniona, waliniuliza kama nao wakapime CA-125 wajihakikishie. Nimewajibu hapana, na ninajibu hivyo hapa kwa sauti, maana kipimo hiki kinauzwa kwa watu wazima wenye afya zao kama vile ni hirizi. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Fedha hiyo itunzwe kwa nauli ya siku tumbo litakapojaa bila sababu kwa wiki kadhaa, utakaposhiba haraka, utakapoumwa nyonga au kwenda kukojoa kila mara. Siku hiyo usimeze dawa za minyoo mara tatu kama nilivyofanya mimi. Nenda hospitali.

Sasa hali yangu ya leo, kwa sababu sitaki msomaji adhani naandika kutoka ng'ambo ya pili ya mto. Baada ya dozi ya nne ilikuwa 118. Baada ya ya tano imepanda tena: 163. Safari hii daktari hakuniambia kuwa ni jambo la kawaida la mwanzo. Ameniambia ukweli: inawezekana dawa imeanza kushindwa, inawezekana ni jambo jingine, tutapiga picha kabla ya kuamua kubadilisha. Nililia. Halafu nilipika, kwa sababu wajukuu walikuwa wamefika kutoka shule.

Tofauti ni kwamba 163 nimeipokea kwa sauti ya mtu. Baada ya ile Ijumaa ya Machi tulikubaliana: damu naitoa Songea siku ya Jumatatu, maabara ile ile, majibu yanakwenda kwa daktari peke yake, na Alhamisi ananipigia, binti yangu naye akiwa kwenye laini. Tunaongea mambo matatu tu: namba ni ngapi, yeye anaionaje, na hatua inayofuata ni ipi. Mimi nina daftari la mistari, la kurasa 96, kama yale niliyokuwa nikisahihisha. Upande wa kushoto naandika namba. Upande wa kulia naandika mwili: nimekula nini, nimelala saa ngapi, nimefika sokoni kwa miguu au kwa bodaboda, tumbo likoje. Wiki ya 402 upande wa kulia uliandikwa "nimepalilia mistari minne". Wiki ya 163 umeandikwa "nimechoka, lakini nimekwenda misa". Daktari anapenda kusoma upande wa kulia kwanza, na ninamheshimu kwa hilo.

Nyumbani nimeomba mambo machache. Namba yangu isitangazwe kwenye kundi la familia. Mtu asiniletee mizizi ya kuchemsha wakati dripu ziko mwilini, kwa sababu ini langu ni moja. Na nikitaka kwenda shambani, niachwe niende, hata kama nitakaa tu kwenye kivuli cha mwembe nikiwaangalia.

Kwa wenye maabara, ombi langu ni dogo. Msitume faili la kipimo cha saratani Ijumaa usiku kwa mgonjwa aliye peke yake. Mkipeleke kwanza kwa aliyekiagiza, na kama mgonjwa anakitaka, chini ya namba wekeni mstari mmoja wa Kiswahili: kipimo hiki husomwa pamoja na hali ya mgonjwa na picha, ongea na daktari wako.

Kwa Wizara ya Afya na uongozi wa mkoa, ombi ni kubwa kidogo. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na wanawake wa Mbinga, Namtumbo, Tunduru na Nyasa wanaendelea kusafiri mchana kutwa kuifuata. Picha na dripu zina sababu ya kutupeleka huko. Dakika nne za kusomewa majibu hazina. Hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na muuguzi mmoja aliyefunzwa, chumba chenye mlango unaofungwa, na simu ya tiba mtandao inayomfikia daktari bingwa siku iliyopangwa. Mwanamke wa Lituhi aje Songea, aketi, asomewe namba yake na mtu anayemtazama usoni, kisha alale kwake kesho yake.

Na kwako dada uliye na karatasi mkononi usiku huu yenye ile herufi H: usiuze mahindi. Iweke karatasi kwenye droo, mpigie daktari asubuhi, umuulize ilikuwa ngapi mara iliyopita, imepimwa wapi, na picha inasema nini. Mimi picha yangu ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi.