Namba ya kosa sio hukumu: pima waya kabla ya kununua sensa



Leo naongea juu ya gari. Najua wengi wetu hatuna gari, lakini soma mpaka mwisho, jambo lenyewe linatuhusu.

Kwenye bloku yetu kuna mzee, Mkongo kama mimi, ana Toyota ndogo ya petroli. Mchana inabeba abiria na mizigo ya soko. Usiku mama akishikwa na uchungu, mlango wa huyo mzee ndio unagongwa. Sasa taa ya injini ikawaka na gari likaanza kunywa mafuta. Fundi akaja na mashine yake, akachomeka, ikasoma P0135. Hakufungua hata boneti. Akasema, "Mzee, sensa ya oksijeni imekufa."

Mzee akakopa shilingi 7,000 kwenye kikundi cha akiba. Sensa ikatoka Kitale kwa basi, ikafungwa. Siku mbili, taa ikarudi. Fundi wa pili akasema ile ni feki, nunua nyingine. Akanunua. Taa ikarudi tena. Na duka likishakuuzia kifaa cha umeme halirudishi pesa. Mkimbizi naye hawezi tu kuamka asubuhi aende Kitale kubishana, lazima kwanza apate kibali cha kusafiri. Deni likabaki kwa mzee.

Hapo ndio nikaitwa mimi, kwa sababu nilisoma umekanika na sasa najitolea kusaidia wanafunzi wapya.

P0135 inasema nini hasa? Sensa ya oksijeni inakaa kwenye bomba la moshi, inaambia kompyuta ya gari kama mafuta ni mengi au ni kidogo. Haifanyi kazi vizuri mpaka ipate joto la kama nyuzi 300, ndiyo maana ndani yake kuna hita ndogo. P0135 inasema kompyuta imeona umeme kwenye njia ya hita hauko sawa. Sikia vizuri: njia ya hita. Njia hiyo ina fyuzi, rilei, waya, soketi, hita yenyewe, halafu kompyuta inayofunga njia ya kurudi. Sensa ni sehemu moja tu ya hiyo safari.

Kwa hiyo unapima hivi. Zima gari, acha bomba lipoe, chomoa soketi. Sensa nyingi zina waya 4, na kwa kawaida zile 2 za rangi moja ndizo za hita. Weka mita kwenye omu, pima kati yao upande wa sensa. Sensa nyingi zikiwa baridi husoma kati ya omu 5 na 20 hivi, kitabu cha gari lako kitakupa namba kamili. Mita ikionyesha njia imekatika kabisa, hapo hita imekufa na kununua ni halali. Halafu washa ufunguo, pima upande wa gari, waya wa kuleta umeme kwenda kwenye bodi. Unatafuta volti 12.

Nilitoa ile sensa ya kwanza kabisa kwenye boksi la mzee. Omu 13. Nzima! Nikapima waya wa gari, volti 12.3. Nikamwambia mzee kwa kujiamini kwamba waya ni mzuri, shida ni kompyuta. Nakiri hapa mbele yenu, nilikuwa karibu kumtia hasara ya tatu.

Kesho yake fundi mmoja mzee wa kando ya barabara, hana cheti chochote, akanicheka. Akachukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye waya 2, akaigusisha palepale kwenye waya wa kuleta umeme. Balbu ikawaka hafifu kama mshumaa unaoisha. Akasema, "Mwanangu, mita inauliza kama umeme upo. Balbu inauliza kama umeme unaweza kufanya kazi." Tukafuata waya chini ya gari. Kibanio kilikuwa kimevunjika, waya umesuguana na chuma, ndani umeoza na kuwa kijani, zimebaki nyuzi chache. Tukakata, tukaunga, tukafunika vizuri na kuufunga mbali na bomba. Taa ya injini haijarudi. (Angalizo: hiyo balbu usiiguse kwenye waya wa taarifa wa sensa, utaharibu kompyuta.)

Sasa maoni yangu. Kwanza kwetu vijana: kusoma namba kwenye mashine sio ufundi. Namba inakuambia uanzie wapi kutafuta. Ukimwambia mtu anunue kitu hujakipima, unacheza na pesa ya chakula cha watoto wake. Na wale wanaotoa balbu kwenye dashibodi ili taa isionekane, waache. Gari linaendelea kula mafuta kimyakimya.

Pili kwa ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Tulipomaliza kozi tulipewa cheti na boksi la spana. Hatukupewa mita, wala taa ya kupimia. Umeme wa gari tulifundishwa ubaoni. Mita ya kawaida ni bei ndogo kuliko sensa moja ambayo mzee alinunua bure. Naomba mtihani wa mwisho uwe gari lenye kosa la kweli, na mwanafunzi aonyeshe alivyopima kabla ya kutaja dawa. Na wale wazee wa kando ya barabara waitwe wafundishe, walipwe kitu kidogo. Cheti ni kama zile volti 12.3: kinaonyesha kitu kipo, lakini mtu ajaribiwe na mzigo ndio tujue.

Mzee bado analipa deni. Kila Jumamosi namsaidia kuosha gari, sina kingine cha kumpa.

Na wewe fundi mwenzangu, umeshawahi kubadilisha kifaa kizima? Andika hapa chini bila aibu, tujifunze.